Safari ya tanga ianzie Mtwara, siyo Kilwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo moja kuhusu wanaotaka kuiona pwani ya kusini kwa chombo cha tanga. Kila mwaka ifikapo mwezi wa nane, wageni na hata Watanzania wenzetu hushuka basi Kilwa Masoko, wakakodi mashua na kutaka wapelekwe Lindi, kisha Mikindani, jirani na Mtwara. Sababu inaeleweka, kwani anayetoka Dar es Salaam kwa barabara huikuta Kilwa kwanza. Lakini miezi hiyo upepo unatoka kusini, mkondo unatoka kusini, na wao wanakwenda kusini. Haipiti saa mbili tanga linashushwa, mashine inawashwa, na abiria anafika Mikindani akiwa ametapika moshi na mawimbi. Urithi aliokuja kuutazama ulijengwa na watu waliozitii pepo, naye ameupita akiwa amezipa kisogo.

Kwa asiyezijua, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi, wa kutoka kusini, huingia Aprili au Mei, huwa kali Juni na Julai, kisha hutulia kuanzia Agosti hadi Oktoba, kipindi ambacho manahodha hukiita demani. Novemba ni maleleji, upepo hauna kwao, na chombo kinaweza kukaa siku nzima tanga limelala. Mkondo nao una tabia yake. Maji makubwa yanayovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki huigonga pwani karibu na Rasi Delgado, kusini ya Mto Ruvuma, yakagawanyika. Sehemu moja hushuka Msumbiji, nyingine hupanda kaskazini mbele ya Mtwara, Lindi na Kilwa mwaka mzima. Wakati wa kusi hupita maili mbili za bahari kwa saa bila shida. Kaskazi huupunguza kasi, lakini huku kwetu haiugeuzi.

Piga hesabu ya mashua iendayo maili tano kwa saa. Kutoka Lindi hadi Kilwa Masoko ni kama maili 65. Ukipanda kaskazini kwa demani, mkondo unakuongezea mbili, unakwenda saba, na safari yote ni saa tisa na kitu. Ukishuka kusini unalazimika kubisha, yaani kwenda upande huu na upande ule, kwa sababu tanga la pembe tatu haliwezi kuutazama upepo usoni. Nusu ya mwendo inapotelea kwenye kubisha, zinabaki maili mbili na nusu, na mkondo unachukua mbili. Saa nzima ya kazi, nusu maili. Hakuna nahodha wa kulaumiwa hapo.

Tena Kilwa yenyewe ni zao la hesabu hii. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi na yaliweza kufika Kilwa, yakauza, yakanunua, yakarudi na kusi mwaka huohuo. Kwenda mbele zaidi hadi Sofala, huko Msumbiji, kulihatarisha kukosa upepo wa kurudia. Ndiyo maana dhahabu ya Sofala ilipandishwa na vyombo vya Kilwa, ikaja na kusi kupitia mbele ya Msimbati, Mikindani na Lindi, ikangojea wanunuzi pale. Anayeanzia Mtwara kwa demani anaingia Kilwa kwa njia ya dhahabu ile na kwa upepo uleule. Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, limekaa juu ya jabali linaloangalia baharini ili chombo kinachokuja kilione, na mwenye chombo ajue anakwenda kwa nani. Anayeliendea kwa miguu kutoka gatini hatalielewa hivyo.

Njia inagawanyika vizuri katika siku tatu za maili 30 hadi 35 kila moja. Ya kwanza ni Mikindani hadi Lindi, na ikilazimu Ghuba ya Sudi iko katikati kwa kujificha. Ya pili ni Lindi hadi Kiswere, na Mchinga ipo njiani kwa anayechelewa. Ya tatu ni Kiswere hadi Songo Mnara na Kilwa Kisiwani. Mwenye siku moja zaidi aanzie Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Ng'oa nanga saa 12 asubuhi na umande, ule upepo mwepesi wa kutoka bara unaokutoa nje ya ghuba. Kwenye saa 4 kusi inashika, na saa 6 au saa 7 unakuwa unatafuta mlango wa bandari inayofuata. Mchana wa demani upepo huongezeka hadi saa 10 jioni, kwa hiyo anayeondoka saa 4 asubuhi kwa sababu ya kifungua kinywa anajipeleka mwenyewe kwenye saa mbaya.

Jambo linaloharibu vyombo vingi zaidi ya upepo ni kuingia bandarini. Hapa tunaomba uvumilivu wa msomaji, maana ndipo penye kazi.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Wakati wa maji mafu, baada ya mwezi kufika nusu, hesabu inageuka. Maji hujaa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na tofauti ni ndogo.

Sasa liweke jua katika hesabu hiyo. Milango mingi ya pwani hii inatazama mashariki, kwa hiyo anayeingia anaelekea magharibi. Akiingia saa 10 jioni na bamvua, ana maji tele chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, lakini jua liko machoni, uso wa maji unameta kama bati jipya, na mwamba ulio nusu mita chini hauonekani hadi umeugusa. Akiingia asubuhi au kabla ya saa 7 mchana, jua liko nyuma au juu ya utosi na rangi zote zinasomeka. Buluu nzito ni kilindi. Kijani ni mita chache. Nyeupe ni mchanga wenye maji haba. Kahawia ni mwamba au majani ya baharini, na aliye mgeni asijaribu kutofautisha viwili hivyo, apite mbali. Kwa mashua isiyozama zaidi ya mita moja na nusu, juma la maji mafu ndilo bora kwa safari hii, ingawa wengi hudhani ni bamvua kwa sababu ya wingi wa maji.

Kanuni ya pili: ingia maji yakiwa yanajaa, yamefika nusu. Miamba mikubwa bado inajionyesha kwa povu, na ukikwama maji yanakuja kukuinua. Anayekwama maji yakianza kupwa baada ya bamvua kubwa amekwama kweli, maana kila mjao unaofuata ni mdogo kuliko uliopita, na anaweza kungoja karibu wiki mbili. Chombo kikilalia ubavu juu ya mwamba kwa muda huo, mataruma, yaani mbavu zake, huvunjika na mbao hupoteza kalafati, ile pamba inayoziba nafasi kati yake.

Mbele, omo, akae mtu mmoja asiyefanya kazi nyingine, mwenye miwani ya jua ya kuzuia mng'ao, akionyesha kwa mkono bila kupiga kelele. Wa pili awe na bildi, kamba ya kupimia kina. Kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita mbili na risasi ya kilo mbili au tatu inatosha. Pakaa shahamu chini ya risasi na italeta sampuli ya chini, mchanga, tope au vipande vya matumbawe. Ramani za simu zinaonyesha vizuri mahali ulipo wewe, lakini mwamba uliochorwa humo huenda ulipimwa miaka mingi iliyopita, na kosa la mita 50 ndilo lenye mashua. Mito nayo ina lake. Lukuledi unamwaga tope Lindi, na baada ya mvua maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Siku hizo rangi haisemi kitu, chukua rubani wa hapohapo.

Nanga itupwe kwenye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe. Makosa ya urefu wa kamba ni ya kila siku, kwani watu hupima kina cha wakati ule wanaofika. Ukitupa maji yamepwa kwenye mita nne, usiku yatajaa hadi mita saba. Kamba iwe mara tano ya hiyo saba, mita 35, siyo mara tano ya nne. Mita tano za mwisho ziwe mnyororo, kwa sababu jiwe la bahari hukata kamba kwa usiku mmoja.

Kuhusu tanga, abiria ajue hili kabla ya kupanda. Mashua yetu haigeuzwi kwa kuupitisha upepo mbele kama yoti za kizungu. Tukitaka kubadili upande, chombo huelekezwa kwenda na upepo, tanga hulegezwa, foromali, yaani boriti inayobeba tanga, husimamishwa karibu na mlingoti na kuzungushwa mbele yake, kisha demani, ambayo hapa ni kamba ya kuongozea tanga na siyo msimu, hufungwa upande wa pili. Mabaharia watatu kwa mashua ya mita tisa, dakika mbili zikienda vizuri. Zikienda vibaya, upepo hulikamata tanga kwa nyuma na kulibandika kwenye mlingoti. Likibanwa hivyo haliteremki, na chombo kinalala ubavu. Kwa hiyo wakati wa kugeuza abiria wote wakae chini kabisa, upande walioambiwa, na asiwepo anayesimama kupiga picha. Tena tanga la aina hii halina njia nyepesi ya kupunguzwa. Chombo cha safari kibebe matanga mawili, kubwa na dogo, na nahodha akiona maji yanafanya weupe huko kwenye upepo, abadilishe kabla, siyo baada.

Anayekodi aende pwani alfajiri, kabla mabaharia hawajakumba maji, achungulie ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika. Maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu baada ya usiku mmoja ni ya kawaida kwa chombo cha mbao, ya kufika nusu ya muundi ni kalafati iliyokufa. Achukue kisu kidogo, achome taratibu mbao zilizo karibu na misumari. Msumari wa chuma ukila kutu, mbao inayouzunguka hulainika na kuwa nyeusi, na kisu kinazama kama kwenye muhogo uliooza. Atazame jarari, kamba ya kupandishia tanga, pale inapopita kwenye gofia, yaani kapi yake, ndipo inapoliwa. Atikise usukani asikie kama rumada, zile bawaba zake, zinacheza. Aulize chombo kilipandishwa lini mara ya mwisho kuchomwa chini kwa makuti makavu na kupakwa deheni, ile chokaa na shahamu inayozuia wadudu watoboao mbao. Kisizidi miezi miwili au mitatu. Na ahesabu majaketi okozi, moja kwa kila mtu pamoja na mabaharia, yavaliwe, siyo yakaliwe. Redio ya bahari iwe kwenye chaneli 16, na cheti cha ukaguzi wa chombo kutoka TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kionyeshwe bila kunung'unika. Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe kila jioni. Wanaosema pwani hii haina vimbunga wakumbuke kilichoipiga Lindi Aprili 1952, Kenneth ya Aprili 2019 iliyopiga jirani zetu Msumbiji, na Hidaya ya Mei 2024. Hakuna safari ya tanga Aprili na Mei.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita tano kwa mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku mbili. Watu wanane kwa siku tatu ni lita 200, kwenye madumu kumi ya lita 20, siyo pipa moja. Dumu likipasuka umepoteza sehemu ya kumi, na madumu yakifungwa chini katikati ya chombo yanakuwa farumi, uzito wa kukituliza chombo. Jiko la mkaa likae kwenye sanduku la mchanga, upande wa chini ya upepo. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha inafaa sana siku ya kwanza, tumbo likiwa halijazoea.

Katika vituo, Mikindani inataka siku nzima. Ghuba ni kama bakuli lenye mdomo mwembamba, na ukiwa ndani unaona mara moja kwa nini mji ulikaa pale, kwani kusi na kaskazi zote zinapita nje. Boma la Wajerumani la 1895 liko juu ya mji, na chini yake nyumba za mawe na chokaa zenye milango ya nakshi, nyingine zikiporomoka kila masika. David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mtwara jirani ni mtoto mdogo. Gati la kina kirefu lilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, karanga zikashindwa, bandari ikabaki. Lindi, ukipita mdomo wa Lukuledi, kumbuka kwamba Oktoba 1914 manowari ya Uingereza Chatham iliikuta humo meli ya Kijerumani Präsident, imejifanya meli ya hospitali. Karatasi zilizokutwa ndani yake ndizo zilizofichua kwamba manowari Königsberg ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Watoto wa Lindi hawafundishwi hili, nasi tunaona ni kosa.

Songo Mnara ifikiwe maji yakijaa, maana yakipwa utatembea kwenye tope la mikoko. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, haitoshi kwa saa mbili. Vibali vya magofu vinakatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na siku hizi wasimamizi ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Magofu haya na ya Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kulinda ufukwe. Usitie nanga karibu na kuta za Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505. Mawimbi ya mashine na kamba za vyombo vinaula ufukwe uleule uliotumiwa fedha nyingi kuulinda.

Kusini ya Msimbati usiende. Hali ya uasi wa silaha katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, tangu 2017 inajulikana, na mpaka wa Ruvuma si mahali pa kujaribu bahati.

Limebaki suala la nauli ya kurudi, ambalo huzusha ugomvi. Mashua iliyofika Kilwa Septemba haina upepo wa kurudia Mtwara hadi Desemba. Basi ama mteja alipe dizeli ya kurudi, ama mwenye chombo akubali kukiacha Kilwa kikivusha watu na mizigo hadi kaskazi ishike, kisha achukue wateja wa Januari na Februari wanaotaka kushuka kusini. Hilo la pili ndilo tunalolipendekeza, kwani chombo hakilali bure na safari zote mbili zinakwenda na upepo. Makubaliano yaandikwe kabla ya kung'oa nanga, siyo yajadiliwe ufukweni Kilwa.

Kwa halmashauri za Mtwara, Lindi na Kilwa tuna ombi. Manahodha wazee wa pwani hii huingia bandarini kwa alama za nchi kavu, mbuyu ukipandana na mnara wa msikiti, rasi ikifungua nyumba ya bati. Alama hizo haziko kwenye ramani yoyote. Mibuyu inakatwa, majengo mapya yanaziba minara, na wanaozijua wanapungua. Kijana mmoja mwenye simu ya picha na daftari, akikaa na nahodha kwenye kila mlango kwa siku mbili, maji yamejaa na maji yamepwa, anaweza kuziandika zote kutoka Msimbati hadi Kivinje katika msimu mmoja wa demani. Alipwe, na nahodha alipwe zaidi yake.

Na kwako, Mhariri, ombi ni dogo. Ukurasa wako wa michezo unatoa ratiba ya ligi kila wiki. Tunaomba pembeni yake uweke jedwali la maji ya Mtwara, Lindi na Kilwa kwa siku saba: saa ya kujaa, saa ya kupwa, na kimo kwa mita. Mistari 21 inatosha. Mvuvi ataikata na kuibandika kwenye mlango wa banda, na anayepanga safari ataona wiki ipi ina maji mafu kabla hajakata tiketi ya basi, ambayo tunamsihi aikate hadi Mtwara.

Wenu katika vyombo vya tanga,
Manahodha na mafundi wa mashua,
Mikindani, Mtwara